Nimejaribu Linux kwa laptopu ya mtumba, na sirudi haraka

Wasee, tangu Oktoba 14, 2025, laptopu nyingi za mitumba huku kwetu Suneka ziko kwa hali ya ajabu. Zinawaka, zinafanya kazi, hazina ubaya wowote, lakini Microsoft ilishafunga msaada wa kawaida wa Windows 10. Ukitaka Windows 11, unaambiwa mashine iwe na chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kama ni Intel, kwa kawaida iwe ya kizazi cha nane kuendelea. Yangu ni ThinkPad ya kizazi cha tatu, RAM 4GB. Imeachwa stejini.

Fundi mmoja alinishauri niiuze vipuri, nitafute ingine. Ingine na pesa gani, bro? Hii ndiyo inanilisha. Nachapia watu CV, najazia majirani fomu za KRA na HELB, naediti video mnazoona hapa.

Kwa hivyo nikachukua Linux Mint. Ningeanza na Ubuntu, maana hata jina lenyewe ni la kwetu: Ubuntu, utu, na kwa Ekegusii mtu ni omonto, mzizi ni ule ule. Lakini faili ya Ubuntu ni karibu mara mbili ya Mint, na bando ni bando. Mint 22 ni kama GB 3 tu, imejengwa juu ya Ubuntu hiyo hiyo, na itapata masasisho hadi 2029. Bure kabisa.

Kitu kilichonishangaza ni kwamba unaijaribu kabla ya kuiweka. Unaiandika kwa flashi, unawasha mashine huku ukibonyeza F12, unachagua flashi, na Mint inafunguka bila kugusa chochote kwa diski. Nilizunguka nayo jioni nzima. Wi-Fi ilishika yenyewe, sauti ikalia, menyu iko pale pale chini kushoto kama ulivyozoea. Siku iliyofuata nikahamishia kazi zangu zote kwa diski ya nje, ndio nikaiweka. Tafadhali usiruke hiyo hatua.

Sasa mbona watu wanaogopa? Nadhani ni ile skrini nyeusi ya kuandika amri. Maze, unaitumia mara chache sana. Mara ya kwanza ukiandika nywila pale hakuna kitu kinaonekana, hata vinyota hakuna, unadhani kibodi imekufa. Haijakufa. Andika tu, bonyeza Enter.

Si kila kitu ni tamu. Premiere haiko, na ile CapCut ya kompyuta pia haina toleo la Linux. Natumia Kdenlive, ambayo ni nzuri lakini kwa RAM 4GB video ya dakika kumi inakutoa jasho. CV zilizoandikwa kwa Word zikifunguliwa kwa LibreOffice wakati mwingine mistari inahama, kwa hivyo mteja namtumia PDF. Na kama unacheza gemu za FIFA, kaa huko uliko.

Halafu kuna hili: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Wengi wetu hatukuwa hata tumeanza shule. Leo nafungua mashine na karibu kila kitu ni Kiingereza. Programu huria iko wazi kutafsiriwa na yeyote. Mbona sisi tumelala?

Kazi yangu ya kwanza ya kulipwa nikiwa kwa Mint ilikuwa tangazo la dakika moja la duka la sare za shule. Mwenye duka alilitazama mara mbili, hakuuliza nimetumia programu gani. Aliuliza kama namba yake ya simu inaweza kuwa kubwa kidogo.