Kupima Jua na Vichuguu karibu na Lubumbashi

Tarehe 25 Julai 2023, wakati wa likizo kubwa, tulitoka Lubumbashi asubuhi, baridi ya kiangazi ingali kali. Tulifuata njia ya vumbi jekundu hata tukafika kambi ndogo ya wanafunzi katika pori la miombo. Hapakuwa na ubao wala chaki. Palikuwa na fimbo ya meta moja, kamba, na vichuguu vile vikubwa ambavyo kila mtu wa Katanga anavijua.

Fimbo ilisimamishwa wima penye udongo uliosawazishwa. Saa nne na dakika 20 wanafunzi walitia alama kwenye ncha ya kivuli, wakachora duara kwa kamba kuizunguka fimbo. Kivuli kikafupika, kikaingia ndani ya duara, kisha kikarefuka tena. Saa nane na dakika 14 ncha ikaligusa duara mara ya pili. Katikati ya nyakati hizo ni saa sita na dakika 17.

"Basi saa yako inakosea, Mwalimu!" wakacheka.

Haikosei. Saa za Lubumbashi hufuata mstari wa digrii 30 mashariki, na mji uko digrii mbili na nusu hivi magharibi yake. Kila digrii ni dakika nne: ndizo dakika kumi. Saba zilizobaki zatokana na mwinamo wa dunia, na njia yake ya kulizunguka jua, isiyo duara kamili.

Kivuli kifupi kabisa kilikuwa sentimeta 61, nacho kilielekea kusini. Hapo kijana mmoja alifadhaika. Kabla ya kupima alikuwa ameandika "kaskazini" katika daftari, maana ndivyo alivyosoma. Alidhani amepotea pande za dunia. Ilibidi aletewe dira.

"Kitabu hakikudanganya, mwanangu," mwalimu alimwambia. "Kinaeleza mambo ya Ulaya. Huko jua la adhuhuri huwa kusini siku zote. Hapa kwetu, mwezi wa Julai, liko kaskazini."

Nasi tuliona haya kidogo. Sentensi ileile tuliikariri zamani, tukapata alama nzuri, wala hatukutoka hata siku moja kutazama nyuma ya darasa.

Baada ya bukari na sombe zamu ikawa ya kichuguu. Saa kumi kivuli cha fimbo kilikuwa meta mbili, yaani kila kitu kimo chake ni nusu ya kivuli. Kutoka ukingo wa kichuguu hata ncha ya kivuli walipima meta 4 na nusu, wakatangaza kimo: meta 2 na sentimeta 25. Lakini msichana mmoja alikitazama kichuguu, akamtazama mwalimu aliyesimama kando yake, akakataa. Kilele hakiko ukingoni, alisema, kiko katikati! Wakakizungushia kamba: meta 22. Wakagawanya kwa 3.14, wakapata upana wa meta 7. Nusu yake ni 3 na nusu. Kivuli chote, basi, meta 8, na kimo meta 4.

Tulipoaga, yule kijana wa daftari alikuwa bado anamwuliza mwalimu ni siku gani fimbo haitakuwa na kivuli kabisa. Karibu na tarehe 24 Oktoba, alijibiwa, na tena karibu na 18 Februari. Akaandika tarehe zote mbili, akaomba aende nyumbani na ile fimbo.