Miezi Minane Kabla ya Chuo

Mtihani wa kidato cha nne nchini Kenya humalizika mwezi wa Novemba, na wanafunzi wapya huingia vyuo vikuu yapata Agosti au Septemba ya mwaka ufuatao. Katikati pana miezi minane au zaidi ambayo wazazi wengi huihesabu kuwa ya mapumziko. Kijana hulala hata jua likapanda, kisha hushinda njia panda akitazama simu. Hakuna amwulizaye neno, kwa kuwa yeye sasa ni mtu wa kungoja barua ya chuo. Walakini ni katika miezi hiyo, zaidi kuliko darasani, ndipo mtu hujifunza kwa mara ya kwanza namna fedha inavyoingia na namna inavyotoka.

Katika nyumba ya mkulima mmoja wa maziwa huko Nyandarua, msichana aliyepata alama ya C+, ambayo ndiyo ya chini kabisa imwezeshayo mtu kusomea shahada, aliitwa na baba yake jioni moja ili wazungumze habari za karo.

"Mwanangu," alisema mzee, "nimekata shauri. Nitamwuza ng'ombe. Yupo mtu aliye tayari kutoa shilingi 80,000."

"Asante, Baba. Lakini naomba unisubiri hata kesho, nipige hesabu kwanza."

Mzee hakufurahi sana, maana si desturi ya mtoto kumhesabia baba yake mifugo. Hata hivyo alingoja. Kesho yake msichana alileta daftari. Ng'ombe yule alikuwa akitoa lita 8 kwa siku, na chama cha ushirika kililipa shilingi 45 kwa lita. Basi ni shilingi 360 kwa siku, au 10,800 kwa mwezi wa siku 30. Ukitoa shilingi 4,000 za chakula na dawa, husalia 6,800. Kwa miezi 10 ya kukamuliwa, kabla hajaachwa akauke kungoja kuzaa, hizo ni shilingi 68,000, na ng'ombe bado yumo zizini. Mzee alilisoma daftari mara mbili. Alikuwa amemfuga ng'ombe huyo kwa miaka mitatu bila kuandika hata mstari mmoja, nao ndio upungufu wa wakulima wengi wenye bidii: jembe wanalijua, kalamu wameiacha shuleni. Ng'ombe hakuuzwa.

Msichana mwenyewe alinunua vifaranga 30 wa kienyeji kwa shilingi 100 kila mmoja, kwa fedha aliyopata kwa kuvuna viazi vya jirani. Hapa mambo hayakwenda vizuri. Ugonjwa wa kideri uliingia, na kwa juma moja 19 wakafa. Ndipo alipokwenda kwenye duka la dawa za mifugo, akaambiwa jambo ambalo lingalimfaa kujua mapema: kwamba chanjo yake hutiwa tone moja tu jichoni, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Kuku 11 waliopona aliwauza baadaye kwa shilingi 700 kila mmoja, akapata 7,700. Vifaranga vilikuwa vimemgharimu 3,000, chakula 2,900, na chanjo 300. Faida ya miezi sita ikawa shilingi 1,500.

Wenzake walicheka. Mmoja wao alidai kupata zaidi ya hizo kwa usiku mmoja katika michezo ya kubahatisha iliyomo simuni, na huenda alisema kweli. Asichokisema ni fedha aliyopoteza usiku uliotangulia, kwa sababu hana daftari. Mwenye kuku aliijua hasara yake hata senti ya mwisho.

Wako wadhanio kwamba kazi ndogo humfunga mtu asifike kwenye kubwa. Habari za Tom Mboya zaonyesha vingine. Alizaliwa mwaka 1930, mtoto wa mfanyakazi wa shamba la mkonge huko Kilima Mbogo, na ukosefu wa karo ulimkatizia masomo ya sekondari. Mwaka 1948 aliingia Jeanes School, Kabete, kujifunza ukaguzi wa afya, kisha akaajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi. Kazi ilikuwa ya kukagua usafi. Yeye aliendelea kusoma wakati wa mapumziko, akaanzisha chama cha wafanyakazi, na mwaka 1955 akaenda Ruskin College, Oxford. Alipouawa mwaka 1969 alikuwa Waziri wa Mipango ya Uchumi.

Kwa kijana wa leo upo mtihani mwingine usiosahihishwa na mwalimu, nao ni mkopo wa HELB, bodi iliyoundwa kwa sheria mwaka 1995. Fedha ya matumizi huja kwa mkupuo, na mtu asiyepata kushika shilingi 5,000 huona 20,000 kuwa mali isiyokwisha. Viatu hununuliwa, marafiki hualikwa, na mwezi wa pili mwanafunzi hula mkate mkavu. Naye huwa amesahau kwamba deni halilali. Anayekopa 40,000 kila mwaka kwa miaka minne hutoka chuoni na deni la 160,000. Kwa riba ya asilimia 4 kwa mwaka, ambayo ndiyo imetumika kwa muda mrefu, mwaka mmoja tu huongeza 6,400. Malipo hudaiwa mwaka mmoja baada ya masomo, awe amepata kazi au la.

Msichana wa Nyandarua aliyaandika hayo yote kwenye ukurasa wake, akapunguza kiasi alichokusudia kuomba, na ile 1,500 akaiweka kama amana ya kwanza katika chama cha akiba na mikopo, ambako mtu kwa kawaida hukopeshwa hata mara tatu ya akiba yake akiwa na wadhamini.

Asubuhi ya kuondoka, sanduku likiwa tayari mlangoni, alimpa mdogo wake vifaranga 12 na daftari. Ndani yake alikuwa amekwisha andika tarehe ya chanjo.