Ufunguo Ulipokataa Kuzunguka



Juma hili tunataka kuwaelezea jambo lililotupata wenyewe, hata kama linatutia haya kidogo. Ni habari ya gari la chama chetu na ufunguo wake. Wengi wenu mnalijua lile basi dogo linalotoka Katana na Kavumu asubuhi, likileta sombe, vitunguu na mihogo kwenye soko la Kadutu. Tulilinunua kwa makuta tuliyoweka kidogo kidogo. Siku lilipofika tuliimba, tukamtafuta shofere, na tangu siku ile hakuna hata mmoja wetu aliyeketi mbele ya usukani. Tulisema: gari ni mambo ya shofere, sisi mambo yetu ni mizigo.

Usiku mmoja wa mvua, mwenzetu alishikwa na uchungu wa kuzaa. Shofere alikuwa amekwenda kwenye kilio huko Walungu, akaacha ufunguo kwa mama mweka hazina. Jirani mmoja anayejua kuendesha alikubali kutusaidia. Aliingiza ufunguo kwenye kontakti. Uliingia vizuri, lakini ukakataa kuzunguka. Akautoa, akauingiza tena, bure. Tukajaribu na sisi, kila mmoja kwa zamu yake. Mmoja wetu alikimbia kutafuta koleo ili tukaze kwa nguvu. Heri hakulipata, maana ufunguo ungekatikia mle ndani.

Hatukuweza kungoja zaidi. Mwenzetu alipanda pikipiki, dada yake akiwa nyuma amemshika, wakashuka mteremko ule wa matope mpaka kituo cha afya. Mtoto alizaliwa kabla ya mapambazuko, mzima, na mama yake mzima. Lakini sisi tuliobaki na ufunguo mkononi, kando ya gari lenye mafuta, hatukulala.

Shofere aliporudi tulimpokea kwa maneno makali. Yeye hakujibu. Aliingia ndani, akavuta usukani kidogo kuelekea upande wa ukingo wa barabara, na kwa mkono mwingine akazungusha ufunguo. Gari likawaka. Tulinyamaza. Kisha akasema, “Wamama, hamkuniuliza hata siku moja.”

Akatueleza. Ndani ya usukani kuna kikomeo kinachoufunga ufunguo ukishatolewa, ili mwizi asiweze kuligeuza gari. Na sisi wa Bukavu tunaegesha kwenye miteremko. Shofere huelekeza magurudumu kwenye ukingo ili gari lisishuke, kisha anaweka jiwe. Hiyo ni akili nzuri. Lakini gurudumu likiegemea ukingo, uzito wake unakibana kile kikomeo, na ufunguo hauwezi kukiachilia. Dawa yake haihitaji nguvu: vuta usukani taratibu upande mmoja, kisha upande wa pili, huku ukizungusha ufunguo polepole. Ndiyo yote. Tulimpandisha mwenzetu pikipiki ya usiku kwa kukosa jambo la nukta chache.

Tulidhani yameisha. Baada ya majuma matatu ufunguo ukakataa tena, na safari hii hata kuvuta usukani hakukusaidia. Tulilipeleka gari garaje. Fundi aliujaribu mara mbili akasema, “Wamama, kontakti imekufa, tubadilishe yote.” Bei aliyotaja ingekula akiba tuliyoiwekea watoto kwa ajili ya masomo. Tulikuwa karibu kukubali. Ndipo mama mweka hazina akakumbuka kwamba siku ya kununua gari tulipewa funguo mbili, na wa pili umelala kwenye kisanduku chake pamoja na karatasi za gari.

Tuliziweka mbili hizo juu ya meza. Ule wa kila siku meno yake yalikuwa yamelika, laini kama jiwe la mtoni. Ule wa kisanduku meno yake yalikuwa makali bado. Tuliuingiza kwenye kontakti, ukazunguka bila kelele. Kilichokufa kilikuwa ufunguo.

Na ni sisi tuliouua. Kwenye pete moja tulikuwa tumefunga ufunguo wa gari, wa depo, wa kinu, na wa makufuli manne. Mzigo ule wote ulining’inia kwenye kontakti na kurukaruka kwenye mashimo ya njia ya Kavumu kila siku. Uzito kama huo unakula ufunguo, na unaikula kontakti vilevile. Leo ufunguo wa gari uko peke yake na kitambaa chekundu. Tumechongesha mwingine, na tumeuchongesha kutoka kwa ule mzima. Ukinakili ufunguo uliolika, unanunua ubovu uleule. Wenye magari ya karibuni wajue pia kwamba ufunguo wao unaweza kuwa na kidude cha umeme ndani. Nakala iliyochongwa tu barabarani itafungua mlango, lakini injini haitashika.

Tumejifunza pia kusikiliza. Ukizungusha ufunguo na hakuna hata taa moja, tazama kwanza vichwa vya batri. Vikiwa vimelegea au vimeota unga mweupe au wa kijani, umeme haupiti vizuri. Vinasafishwa, vinakazwa, waya wa upande wa kutoa ndio unaotangulia kutolewa na ndio wa mwisho kurudishwa. Ukisikia tik-tik-tik na taa zinafifia, batri imechoka. Ukisikia “tak” moja tu na taa zinabaki na nguvu, hapo demareri iangaliwe. Injini ikizunguka bila kushika, anza kwa kuuliza kama mafuta yamo. Na ufunguo ukiwa mzito kwenye tundu, msitie mafuta ya kupikia, yanakamata vumbi. Sugua meno yake kwa kalamu ya risasi. Ule unga mweusi unalainisha.

Hatuwaambii mfanye kazi ya fundi. Fundi ana ujuzi wake na tunamlipa. Lakini kabla ya kutoa makuta, tumwambie: “Baba, tuonyeshe kilichokufa.” Na tujue kuuliza swali hilo tukiwa tumeshajaribu ufunguo wa pili.

Sasa ufunguo wa pili hauko tena kwenye kisanduku kinachosahauliwa. Unakaa kwa mama anayelala karibu na gari, na wote tunamjua ni nani. Kila Jumamosi, baada ya mkutano, wawili wetu wanaketi mbele ya usukani, shofere akiwa kando: jiwe kwenye gurudumu, breki ya mkono imevutwa, gia imetolewa, ndipo ufunguo unazungushwa. Jumamosi iliyopita ilikuwa zamu ya yule mwenzetu wa pikipiki. Mtoto alikuwa mgongoni mwa mmoja wetu. Ufunguo ulikataa kidogo, akavuta usukani, gari likawaka.

Vikundi vyenye gari, hata moja la kukodi, ulizeni juma hili: ufunguo wa pili uko wapi, na ni wamama wangapi wanajua kuutumia?