Sekunde tatu za uongo

Nimekuwa kimya hapa kwa wiki tatu. Mlioniandikia kuuliza kulikoni, asanteni, mimi mzima. Nilikuwa nimegombana na diski.

Kule Tanga kuna babu mmoja aliyekuwa kuli bandarini enzi zile robota za mkonge zinapakiwa kwenye matishari kupelekwa kwenye meli zilizotia nanga mbali. Nilimbembeleza miezi miwili ndipo akakubali kuongea. Aliongea dakika 40, mpaka habari ya mwenzake aliyezama akaitoa. Nikarudi Dar, nikaingiza sauti kwenye laptopu, nikafuta kadi ya kinasa sauti kwa sababu kesho yake nilikuwa na kazi nyingine. Usiku nikalihamisha faili kwenda kwenye diski ya nje, ile ya zamani inayozunguka. Sekunde tatu tu, mstari ukajaa. Nikainuka kuchemsha chai, umeme ukakatika. Betri ya laptopu yangu ilishakufa siku nyingi, nayo ikazimika papo hapo.

Umeme uliporudi jina la faili lilikuwepo. Ukubwa wake: baiti 0. Kwenye laptopu nako halipo, maana kuhamisha ni kunakili halafu kufuta la mwanzo.

Binamu yangu anayeshughulika na seva alinicheka kwanza, kisha akanipa hesabu ya shule ya msingi. Sauti ya stereo ya biti 16 na kilohezi 48 ni baiti 192,000 kila sekunde. Dakika 40 ni megabaiti 460 hivi. Diski imeunganishwa kwa USB 2.0, ambayo hata kwenye makaratasi haivuki megabaiti 60 kwa sekunde. Sasa hizo 460 zilipitaje kwa sekunde tatu?

Hazikupita. Zilikuwa bado kwenye RAM. Linux hupokea data, ikakwambia tayari, halafu ikaiandika kwenye diski baadaye. Kwa mpangilio wa kawaida inaweza kuiacha hapo kama nusu dakika. Sisi waandishi tunawajua watu wa namna hii: anakwambia habari nimeshaituma, kumbe bado anatafuta kalamu.

Nikaamua kuipima diski, nikaanza vibaya. Nilitumia amri ya dd bila kuiongezea kitu, nikapata zaidi ya gigabaiti 1 kwa sekunde. Yaani nimeipima RAM kwa mara nyingine! Ndipo binamu akanielekeza kwenye fio, programu ya bure iliyoandikwa na Jens Axboe, mtaalamu wa Linux kutoka Denmark. Hii unaiambia kwanza kazi yako inaandikaje:

fio --name=sauti --filename=/media/diski/jaribio --size=1g --rw=write --bs=1m --direct=1 --end_fsync=1

Hapo rw=write ni kuandika mfululizo, kama mtu anayejaza daftari ukurasa kwa ukurasa. Faili la sauti au video huandikwa hivyo linaponakiliwa. bs=1m ni ukubwa wa kila tonge. direct=1 inaikwepa kache ya RAM, na end_fsync=1 inakataa kumaliza mpaka kila kitu kifike. Ile gigabaiti ikawa megabaiti 30 na ushei.

(Tafadhali, kwenye filename weka jina la faili jipya. Ukiweka /dev/sdb, fio inaweza kuandika moja kwa moja juu ya diski yenyewe na kuharibu vilivyomo. Binamu alinipigia simu mara mbili kunikumbusha.)

Kisha nikabadilisha: rw=randwrite, bs=4k, fsync=1. Vipande vya kilobaiti 4 vinatupwa huku na huko, kila kimoja kinasubiriwa kifike. Hifadhidata ya duka au ya benki inaishi karibu na mtindo huu. Haikufika hata megabaiti 1 kwa sekunde! Nilidhani nimekosea amri. Lakini fikirieni: diski inazunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mara 90 kwa sekunde. Kila kipande kinasubiri, kwa wastani, nusu mzunguko ili mahali pake pafike chini ya kichwa. Hata ukisahau muda wa kichwa chenyewe kusogea, ni vipande 180 kwa sekunde, sawa na kilobaiti 720. Diski ileile, siku ileile. Sasa ile namba moja kubwa ya kwenye boksi inamhusu nani?

Wenye SSD msicheke. Nyingi huanza kwa mbio kwenye sehemu yao ndogo yenye kasi, ikijaa zinapunguza mwendo, na jaribio la gigabaiti 1 halitakuonyesha hilo. Ongezeni size.

Siku hizi nanakili, sihamishi. Nikimaliza naandika sync, nangoja mpaka amri irudi, ndipo nagusa waya.

Jumamosi nilikwenda Tanga kuungama. Shikamoo babu. Marahaba mwanangu, kwani mashine imesahau? Akakubali kurudia, dakika 17. Ya mwenzake aliyezama hakuigusa, nami sikuthubutu kuuliza.