Mguu ulioshikana na mfupa

Wasee, ile video ya mguu wa bandia uliofungwa kwenye mfupa mmenitumia mara ngapi? Si uchawi. Tangu 1990, madaktari wa Göteborg, Uswidi, wanaingiza chuma cha titaniamu ndani ya mfupa wa paja. Mfupa unakishika, ncha inatokea nje ya ngozi, mguu unafungwa hapo. Hakuna kikombe cha kubana kigutu.

Binamu yangu, aliyekatwa mguu baada ya ajali ya boda, anaujua huo mchubuko. Jioni anavua mguu kwanza, salamu baadaye. Lakini ile ncha ni mlango wa bakteria. Lazima pasafishwe kila siku, maisha yote. Na kwake maji ni ya mtungi.

So msimwambie "si uende tu ufanyiwe." Muulizeni yeye anataka nini.