Mkono wa Amrish Puri

Ukiniuliza ni kipande gani cha mapenzi kwenye sinema ambacho hakijanitoka moyoni mpaka leo, sitakutajia busu. Najua washkaji watanicheka. Titanic ya mwaka 1997, kwa mfano, imewazimisha vijana wangapi pale mbele ya meli, mikono imetanuliwa, upepo unavuma? Naam, hata mimi nilizimika. Lakini kwetu Magomeni picha za Kizungu zilikuwa na tabu yake. Wakianza tu kusogezeana midomo, baba anakohoa, mama anakumbuka sufuria jikoni, na mimi natumwa maji ya kunywa. Nikirudi na kikombe, meli inazama.

Picha la Kihindi halikuwa na matatizo hayo. Wanakaribiana, wanakaribiana, halafu ghafla wako mlimani wanaimba. Mama alikuwa akitusimulia Mughal-e-Azam ya mwaka 1960, ambayo aliiona usichanani mwake kwenye jumba la sinema mjini. Picha nzima ya mfalme, majeshi na kasri la vioo, lakini yeye alichokikumbuka ni Dilip Kumar akimpitishia Madhubala unyoya usoni. Basi. Unyoya mmoja tu. Na kabla picha ile haijatoka, mapenzi ya kweli ya wawili hao yalikuwa yameshavunjika. Mama akifika hapo huwa ananyamaza kidogo, kisha anaendelea kuchambua mchele.

Changu mimi ni cha mwisho wa Dilwale Dulhania Le Jayenge, picha ya kwanza kuongozwa na Aditya Chopra, ya mwaka 1995. Kwa ambaye hajaiona: Simran, yaani Kajol, ni binti wa mwenye duka wa Kihindi aliyehamia London. Baba yake ameshaahidi kumwoza kwa mtoto wa rafiki yake huko Punjab. Binti anaomba ruhusa ya kutembea Ulaya na wenzake, na safarini anakutana na Raj, naye ni Shah Rukh Khan. Mapenzi yanawaka. Anapelekwa Punjab kuolewa, Raj anamfuata. Mama mtu anawaambia watoroke. Raj anakataa. Anataka akabidhiwe na baba mtu mwenyewe.

Na baba mtu ni nani? Amrish Puri! Hapo ndipo utamu. Sisi bwana tulimjua kama adui. Ndiye Mogambo wa Mr. India ya mwaka 1987. Macho yale, sauti ile. Kwenye vibanda vya video akitokea tu watoto wanapiga mluzi. Kwa hiyo pale stesheni, Raj yuko mlangoni mwa treni inayoanza kuondoka, uso una damu, na Simran analia huku baba yake kamkamata kifundo cha mkono, tulijua kinachofuata: stelingi ataruka chini, adui atapigwa.

Haruki. Hapigi mtu. Mzee anamtazama yule kijana, anamtazama binti yake, kisha vidole vinafunguka. Anamwambia nenda, hakuna atakayekupenda kumshinda huyu, nenda kaishi maisha yako. Binti anakimbia, na stelingi mzima kazi yake ni kunyoosha mkono tu.

Mkanda ule tuliuangalia nyumbani mwaka 1997. Nilikuwa na miaka kumi na tatu. Dada yangu alikaa mkekani, kidevu juu ya magoti. Baba, ambaye naye alikuwa mwenye duka, aliingia na funguo mkononi akasimama mlangoni, akaiona sehemu ile ya mwisho.

"Mzee kashindwa huyo," akasema, akaenda kulala.

Dada hakujibu. Sababu niliijua mimi peke yangu. Kulikuwa na fundi redio aliyekuja kutusafishia kichwa cha deki kwa pamba na spiriti, na tangu siku hiyo deki yetu ikawa inaharibika kila wiki. Dini yake si yetu. Mimi ndiye niliyekuwa nabeba barua, ujira wangu soda.

Mwaka uliofuata niliifungua moja. Walikuwa wamepanga kuondoka Jumamosi, basi la alfajiri. Niliisoma mara tatu chooni. Sikuwaza dini wala heshima ya ukoo. Niliwaza kwamba jioni nitakuwa nakaa peke yangu kwenye ule mkeka. Nikaenda dukani, nikaiweka juu ya mizani mbele ya baba. Hakuniuliza kitu.

Jumamosi hiyo alikaa kwenye kiti karibu na mlango tangu usiku. Dada alipotokeza na mfuko wake, hakumpiga, hakumtukana. Alimshika kifundo cha mkono. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia. Nikangoja. Wallahi nilingoja avifungue vidole. Barabarani basi lilipiga honi likapita.

Hakuvifungua.

Baada ya miezi minne dada aliolewa na mtu wa upande wetu. Ni mtu mwema, wana watoto watatu, sijawahi kumsikia akilalamika. Fundi alihama mtaa.

Wenzangu mnaoanza kuandika hadithi za mapenzi, huwa nasoma kazi zenu, na zangu pia, naona tunakimbilia mabusu na mwezi mpevu. Mara chache tunamtazama yule aliyesimama katikati. Kule Mumbai, jumba la Maratha Mandir lilikuwa likiionyesha picha hii tangu ilipotoka, na Desemba 2014 ikafikisha wiki 1,000. Watu wanajua kila neno, bado wananunua tiketi. Nadhani wanakwenda kuhakikisha kama mzee ataufungua mkono tena. Amrish Puri alifariki mwaka 2005, na bado anaufungua, kila siku.

Baba naye alitutoka mwaka juzi. Baada ya arobaini, wageni wameondoka, tulibaki mimi na dada sebuleni. Akaitafuta picha ile kwenye simu, tukaiegemeza simu kwenye chupa ya chai. Tulipofika stesheni hakulia. Alikuwa anajisugua kifundo cha mkono, taratibu, kama mtu aliyevua saa.

"Hivi ile barua," akasema, macho kwenye kioo, "baba aliipataje?"

"Labda aliiokota," nikasema.

"Labda."

Tukanywa chai. Treni ikaondoka na Simran wake.

Dada, gazeti hili nitakuletea kwa mkono wangu, na nitasubiri mpaka umalize kusoma. Hakuiokota. Nilimpa mimi.