Mkono wa Kulia wa Chou En-lai

"Mjomba, huyu Mchina kwenye picha aliyekaa na Nyerere ni balozi?"

Mpwa wangu ana shahada mbili. Nikamwambia ni Chou En-lai, aliyekuwa waziri mkuu wa China. Akasema "aah", akarudi kwenye simu yake.

Fundi wetu wa Kariakoo, ambaye hata Unguja hakuwahi kufika, angemkalisha kijana huyu mpaka magharibi. Cherehani yake ya miguu ilikaa barazani mwa duka la vitambaa. Pale kulikuwa na harufu ambayo sijaikuta tena popote: pasi ya mkaa ikipita juu ya khaki iliyotiwa wanga, mafuta ya mashine, na kahawa ya yule muuzaji aliyepita akigonganisha vikombe. Nyumbani nikitumwa kupeleka suruali ya kutia kiraka, nilikawia makusudi. Fundi alikuwa na redio, na wazee waliokuja kuisikiliza walikuwa na maneno mengi kuliko redio yenyewe.

Mwalimu Nyerere aliporudi kutoka Peking, baraza lile halikuulizana ameahidiwa nini. Waliulizana watu aliowakuta huko wakoje. Naye alikuwa amerudi na jibu: alisifu jinsi Wachina, viongozi wao wakiwemo, walivyobana matumizi. Mzee mmoja akaguna kwamba kiongozi asiyejipamba ana lake jambo. Fundi alinyamaza, kalamu ya chaki sikioni, akiikagua picha ya gazeti kana kwamba kuna mteja wa kupimwa.

Nimepekua vitabu: Mwalimu alikwenda China Februari 1965, na Chou En-lai akaja kwetu Juni mwaka uleule. Kichwani mwangu safari hizo mbili ni moja, na sina haja ya kuzitenganisha.

Mgeni alipokuja, watu walijipanga barabarani, na fundi alifunga kazi akaenda. Aliporudi tulimzunguka. Hakusema neno juu ya siasa. Alisema mkono wa kulia wa yule bwana haunyooki, umebaki umekunjika kwenye kiwiko, na bado koti lake limekaa bila kuvuta begani. "Fundi wake ni fundi," akasema, na kwake hiyo ilikuwa sifa ya juu kabisa. Baadaye sana nikasoma kwamba Chou aliuvunja mkono huo mwaka 1939 alipoanguka kutoka kwenye farasi. Fundi hakuwa amesoma kitu. Alikuwa ameangalia.

Haikupita miaka mingi, Mwalimu mwenyewe akawa anavaa suti ya namna ile, kola imefungwa, mifuko mbele, tai hakuna. Makatibu kata wakafuata, walimu wakuu wakafuata, na barazani kwetu oda za chuenlai, kama suti hizo zilivyoitwa, zikajaa. Fundi alizishona kwa masharti. Aliyetaka vifungo vya kung'aa alirudishiwa kitambaa chake. "Wewe unataka koti la bendi," alimwambia mmoja, mtu mzito wa chama, mbele yetu sote. Mwaka 1966 Mwalimu alipojikata asilimia 20 ya mshahara, fundi alitangaza kuwa sasa ndiyo ameielewa safari ya Peking. Kisha akaendelea kutoza bei ileile.

Zikaja kaunda suti, ikaja mitumba, na wakubwa wakarudi kwenye tai. Fundi alimalizia kwa kushona sare za shule. Baraza limevunjwa, pamejengwa ghorofa la maduka ya simu.

Kinachoniudhi si nguo; ni kupotea kwa ile tabia ya kumwangalia mtu. Mwalimu hata uzeeni aliweza kumweleza mtu aliyekutana naye. Mwaka 1997, Ghana ikitimiza miaka 40 ya uhuru, alisimama Accra akamzungumzia Kwame Nkrumah, rais wa kwanza wa nchi hiyo, ambaye walikuwa wamevutana naye sana juu ya namna ya kuiunganisha Afrika. Alimpa heshima yake yote, mpiganiaji mkuu wa umoja, na palepale akasema kwamba Nkrumah hakupima vizuri jinsi ari yake ilivyowatia viongozi wenzake mashaka. Aliwataja pia wale waliopenda Afrika ibaki vipande kwa sababu ya viti vyao. Marehemu alisifiwa na kukosolewa nyumbani kwake, na wenyeji wakasikiliza.

Sasa hivi kiongozi akirudi safari tunasomewa ukubwa wa msafara, idadi ya hati za makubaliano, na kwamba mazungumzo yalikuwa ya tija. Wiki iliyopita nilisikiliza taarifa ya namna hiyo kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nilijua mwekezaji ataleta nini na lini. Mwenyeji mwenyewe ni mtu wa namna gani, anacheka au hacheki, anasikiliza au anasubiri zamu yake ya kusema, hakuna aliyetaja, na nadhani hakuna aliyemwangalia.